Programu ya bakapu ya nyumbani: kabla hujauliza inahifadhi vipi, uliza inarudisha vipi

Kuna usiku laptopu ya dada yangu iligoma kuwaka, ikawa inatoa kamlio ka tik tik tik alafu kimya, tik tik tik alafu kimya, na aliyewahi kuusikia huo mlio anajua diski ndo inaaga. Dada hakuwa na wasiwasi maana bakapu, yani nakala ya akiba ya mafaili yake, alikuwa nayo, diski ya nje iko kwenye droo, programu aliiweka mwenyewe na kila Ijumaa ilikuwa inamletea ujumbe kwamba kazi imekamilika. Tukaichomeka kwenye kompyuta yangu, tukafungua, folda ipo, majina ya mafaili yote yapo, tukashusha pumzi. Alafu nikaona kila faili lina kilobaiti 2. Picha, kilobaiti 2. Video ya mtoto akianza kutembea, kilobaiti 2. Na kwenye kona ya kila aikoni kuna kamshale kadogo kamejikunja. Zote zilikuwa njia za mkato, yani vibao tu vya kuonyesha faili liko wapi, mafaili yenyewe yalikuwa kwenye D, ile sehemu nyingine ya kuhifadhia, na hakuna mtu aliyewahi kuiambia programu iiguse D. Programu haikukosea chochote, ilinakili ilichoambiwa, miezi 14 mfululizo, bila kuruka Ijumaa hata moja. Ile video haikurudi mpaka leo.

Toka siku ile mtu akiniuliza programu gani ya bakapu ni nzuri nami namuuliza kwanza, kompyuta yako ikifa sasa hivi, utakaa wapi, utabonyeza nini, na kitarudi nini? Akishindwa kujibu basi hata nikimtajia programu bora kuliko zote haitamsaidia. Kwa hiyo hapa nitaenda kinyume na mabango ya matangazo, tunaanzia kwenye kurudisha alafu ndo tunachagua.

Kwanza tuondoe vitu ambavyo watu wanaviita bakapu na sio bakapu. Kukopi folda kutoka C kwenda D ndani ya diski ileile sio bakapu, diski ikifa zinakufa zote mbili. Kuweka kila kitu kwenye diski ya nje na kufuta kwenye kompyuta ili kupata nafasi sio bakapu pia, hapo umehamisha tu, nakala bado ni moja. Na hii inawauma wengi kuisikia, lakini Google Drive, OneDrive na Dropbox zikiwa zinasinki folda zako kazi yake ni kufanya vifaa vyote vifanane, ukifuta faili hapa linafutika na kule, ukiliharibu hapa toleo lililoharibika linapanda kule. Zina kapu la taka, kwenye Google Drive faili linakaa siku 30 alafu linaondoka lenyewe, ni msaada mzuri ila faili ulilofuta kwa bahati mbaya mwezi wa pili unaweza usiligundue mpaka mwezi wa sita. Na usitegemee zile programu za kufufua mafaili yaliyofutwa. Kwenye diski za zamani za kuzunguka zilikuwa zinasaidia sana tu, lakini kwenye SSD, zile diski zisizozunguka, kuna amri inaitwa TRIM, mfumo ukifuta faili unaiambia diski kabisa kwamba hayo maeneo hayahitajiki, diski inayasafisha, na hapo hata fundi mzuri anaweza akakosa cha kufufua.

Jua una nini na kiko wapi

Hii hatua inaboa lakini ndo ingemuokoa dada. Chukua karatasi, kaa na kompyuta yako nusu saa, andika kila kitu ambacho ukikipoteza utalia. Alafu kwa kila kimoja tafuta kinakaa wapi hasa, usiangalie kilivyo kwenye Desktop, bofya kitufe cha kulia cha mausi, fungua Properties, soma faili liko wapi na ukubwa wake. Ukiona kilobaiti chache wakati unajua ni video, umekutana na kale kamshale.

Watu wanakumbuka Documents na Pictures alafu wanasahau vitu vilivyojificha. Kwenye Windows kuna folda inaitwa AppData ndani ya folda ya mtumiaji, imefichwa makusudi, humo ndo kuna alama za kurasa na setingi za vivinjari, na kama unasoma barua pepe kwa Thunderbird basi barua zako zote zimelala humo. Wanaotumia Outlook waangalie kama wana faili la PST, ambamo Outlook inaweka barua. Kuna programu za mahesabu zinahifadhi data kwenye folda yake yenyewe huko huko ilikosakinishwa, kwa hiyo fungua setingi zake uone zinaandika wapi. Mafaili ya programu zenyewe, kama Word au kivinjari, usihangaike nayo, yanashushwa tena upya, kinachouma ni ulichokitengeneza wewe.

Ukimaliza jumlisha ukubwa. Diski ya bakapu iwe walau mara mbili ya hiyo jumla, maana programu nzuri zinaweka na matoleo ya nyuma na hayo yanakula nafasi. Mimi napenda diski ya nje ya kawaida kuliko flashi, flashi zinapotea, zinakufa bila dalili, na zipo zile feki ambazo kompyuta inakuambia ni terabaiti 1 kumbe ndani kuna gigabaiti 32, unaandika mafaili, zinapokea, alafu ukija kusoma hamna kitu. Ukinunua yoyote ya bei ya kushangaza ipime kwanza, kwenye Windows kuna H2testw na kwenye Linux kuna F3, zinaijaza diski yote na kuisoma tena, inachukua muda mrefu, iache tu ifanye kazi. Angalia pia ilivyofomatiwa, kama ni FAT32 haikubali faili moja linalozidi gigabaiti 4 na video ndefu itakwama hapo, kwa Windows weka NTFS.

Maswali ya kuiuliza programu

Sasa ndo tuje kwenye programu yenyewe. La kwanza, je, nikiipoteza hii programu naweza kuyafungua mafaili yangu? Kuna programu zinahifadhi mafaili kama yalivyo, unachomeka diski kwenye kompyuta yoyote unayaona. Na kuna zinazoyakata vipande, kuyabana na kuyafunga kwenye muundo wake, hizi zinaokoa nafasi na nyingine ni imara sana ila bila programu ileile hufungui kitu. Sio ubaya, ila ujue, na uweke kisakinishi chake pembeni ya bakapu.

La pili, inaweka matoleo ya nyuma? Kama inaweka nakala ya mwisho tu basi faili likiharibika Jumatatu na bakapu ikapita Jumanne, una nakala mbili za faili bovu.

La tatu, inajiendesha yenyewe? Niseme wazi, bakapu inayosubiri ukumbuke itafanyika wiki tatu za mwanzo alafu basi, wala sio uvivu, ni maisha. La nne, ikishindwa inapiga kelele? Programu inayonyamaza ikishindwa ni mbaya kuliko kutokuwa na programu, maana usingekuwa nayo ungekuwa na tahadhari.

Na la tano, bado inatunzwa na waliotengeneza? Macrium Reflect ilikuwa na toleo la bure ambalo watu walilipenda mno miaka mingi, wakatangaza kulisitisha na mwanzoni mwa 2024 likaacha kupata marekebisho. Waliokuwa nalo hawakupoteza bakapu zao siku hiyo lakini ilibidi waanze kufikiria watahamia wapi, kwa hiyo kabla ya kuweka programu angalia apdeti ya mwisho ilitoka lini.

Utakutana pia na maneno matatu kwenye setingi. Bakapu kamili inanakili kila kitu kila mara. Ya nyongeza inanakili kilichobadilika toka bakapu iliyopita, ni ndogo na ya haraka lakini kurudisha kunahitaji mnyororo mzima, ile kamili ya mwanzo na nyongeza zote mpaka ya mwisho, kipande kimoja kikiharibika vinavyofuata vinaning'inia. Ya tofauti inanakili kilichobadilika toka ile kamili, inakua kubwa kila siku ila kurudisha unahitaji mbili tu. Nyumbani chagua nyongeza na uipe bakapu kamili mpya kila mwezi kama programu yako inaruhusu, inatosha.

Kitu kingine cha kutofautisha ni bakapu ya mafaili na bakapu ya diski nzima, ile inayoitwa imeji. Ya mafaili inakurudishia picha na kazi zako. Imeji inakurudishia kompyuta yote ilivyokuwa, Windows, programu, setingi, mpaka picha ya ukutani, unaweka diski mpya, unamwaga imeji, unaendelea. Imeji ni kubwa na nzito kwa hiyo mimi nafanya mara moja kwa mwezi au kabla ya kufanya jambo la hatari kama kuapgredi mfumo, mafaili nayo yanakwenda kila siku.

Zipi sasa

Mwenye Mac asihangaike, Time Machine ipo humo ndani toka 2007, unachomeka diski, unaingia System Settings, General, Time Machine, unaongeza diski, unakubali kuisimba, yani kuifunga isisomeke bila nenosiri, imeisha. Inaweka nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma mpaka diski ijae ndo inaanza kufuta za zamani kabisa. Sijaona kitu kingine kinachomfaa mtu wa kawaida vizuri hivo.

Kwenye Linux kuna Déjà Dup, kwenye mazingira ya GNOME unaikuta imeandikwa Backups tu, ni rahisi na inatosha. Angalizo moja kubwa, Timeshift sio mbadala wake, ile inapiga nakala za mfumo ili apdeti ikiharibu urudi nyuma, na kwa kawaida folda yako ya nyumbani inaiacha nje kabisa. Wanaopenda kuandika amri wana restic na BorgBackup, zote nzuri mno.

Windows ndo penye mambo mengi. File History, bakapu ya mafaili iliyomo ndani ya Windows yenyewe, ipo toka Windows 8 na kwenye Windows 11 bado ipo ila imefichwa, nitaielezea hapo chini. Kwa imeji napendekeza Veeam Agent toleo la bure, ina kitu kimoja nakipenda sana, unaweza kuiambia ikimaliza kuandika iiachie diski ya nje yenyewe ili isibaki wazi. Anayetaka bakapu iende mtandaoni ikiwa imesimbwa ajaribu Duplicati au Kopia, zote bure. Ile Windows Backup inayokuja na Windows 11 inapeleka vitu OneDrive na nafasi ya bure kule ni gigabaiti 5, kwa setingi na nyaraka chache sawa, kwa picha za familia haitoshi hata kidogo.

FreeFileSync wengi wanaitumia kama bakapu na inafanya kazi, lakini kuna kitufe cha Mirror, huo mfumo unafanya upande wa kulia ufanane kabisa na wa kushoto, na kama umekosea ukaweka diski tupu kushoto na mafaili yako kulia itafuta mafaili yako ili yafanane na utupu. Bonyeza Compare kwanza kila mara, soma ilichopanga kufanya, na kwenye setingi washa ile sehemu ya kuhifadhi matoleo badala ya kufuta moja kwa moja.

Kuiwasha File History hatua kwa hatua

Chomeka diski ya nje. Fungua Control Panel, andika tu jina lake kwenye sehemu ya kutafuta, ingia System and Security alafu File History. Ikishaiona diski utabonyeza Turn on. Usiondoke hapo, watu wengi wanaishia hapo. Ingia Advanced settings, utaona inanakili kila saa na inaweka matoleo milele, hiyo milele ibadilishe iwe Until space is needed la sivyo siku moja diski itajaa na itagoma.

Sasa pale ndo penye mtego wa dada yangu. File History inachukua Desktop, folda za Libraries (makundi ya folda ya Windows kama Documents na Pictures) na vichache vingine, ukiwa na mafaili D au kwenye folda uliyotengeneza mwenyewe haiyajui. Nenda kwenye hiyo folda, bofya kulia, kama uko Windows 11 bonyeza kwanza Show more options, tafuta Include in library, chagua mojawapo, au tengeneza mpya. Rudi File History, hakikisha, bonyeza Run now, subiri. Ile mara ya kwanza itachukua masaa, usiizime. Ikimaliza fungua diski yenyewe kwa mkono, utakuta folda inaitwa FileHistory na ndani yake mafaili yako kama yalivyo, ila kila jina limeongezewa tarehe na saa. Hii ndo maana naipendekeza kwa anayeanza, hata kompyuta ikiteketea unayafungua popote.

Kwa imeji na Veeam hatua usiyoweza kuiruka ni kutengeneza flashi ya uokoaji. Programu yenyewe inakuuliza, wengi wanabonyeza baadaye. Fikiria siku diski imekufa, programu ilikuwa kwenye hiyohiyo diski, imeji ipo kwenye diski ya nje, utaimwagaje? Hiyo flashi ndo unawashia kompyuta siku hiyo. Itengeneze siku ileile ya kwanza.

Nakala ngapi na zikae wapi

Kuna kanuni inaitwa 3-2-1, aliyeieneza ni mpiga picha wa Marekani anaitwa Peter Krogh, yani nakala 3 za data ukihesabu na ile ya kwenye kompyuta, kwenye aina 2 za vifaa, na 1 ikae nje ya nyumba. Nyumbani inakuwa hivi: kompyuta yako, diski ya nje, na diski ya pili kwa ndugu unayemwamini au bakapu ya mtandaoni iliyosimbwa. Moto, maji na mwizi havichagui, mwizi akiingia anabeba laptopu na diski iliyolala pembeni yake.

Na ukimaliza bakapu chomoa diski. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea dunia nzima, kinafunga mafaili na kudai malipo, na virusi vya aina hiyo vinafunga kila kinachoonekana kwa herufi ya diski, pamoja na diski yako ya bakapu ikiwa imechomekwa. Najua File History inataka diski iwepo kila saa, ndo maana nasema diski mbili, moja inakaa, nyingine inaingia Jumapili, inanakili, inatoka.

Kama unachagua mtandaoni piga hesabu ya kasi ya kupandisha kwanza, sio ya kushusha. Gigabaiti 200 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni karibu masaa 89, siku karibu 4 usiku na mchana. Inawezekana, ila anza na vile vya machozi kwanza alafu vingine vifuate taratibu. Na kurudisha nako kuna foleni yake, hesabu hiyohiyo igeuze.

Kuijaribu

Januari 31, 2017 fundi wa GitLab, kampuni ya watu wanaojua kompyuta kuliko mimi na wewe, alifuta kwa bahati mbaya data kwenye seva ambayo haikutakiwa kufutwa. Walikuwa na njia 5 za bakapu na kunakili. Wao wenyewe waliandika hadharani kwamba hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi vizuri, wakaokolewa na nakala ambayo mfanyakazi alikuwa amechukua kama masaa 6 kabla kwa shughuli nyingine tu. Huwa nawaheshimu sana kwa kulisema.

Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu fanya hivi, haizidi dakika ishirini. Chagua faili moja bila mpangilio, usichague unalolijua, chagua kwenye folda ya ndani ndani. Kwenye File History fungua Restore personal files, tafuta hilo faili, usibonyeze kile kitufe cha kijani maana kinarudisha palepale lilipotoka, nenda kwenye kigurudumu cha setingi pale juu, chagua Restore to, peleka kwenye folda tupu. Lifungue kweli, usiridhike na jina. Picha ionekane, video icheze mpaka mwisho, hesabu zijumlishe. Angalia ukubwa wake, angalia kona ya aikoni. Alafu rudi nyuma wiki tatu kwa mishale ya pembeni uchukue toleo la zamani la faili hilohilo. Na mara moja kwa mwaka washa kompyuta kwa ile flashi ya uokoaji, ufike mpaka inapoiona diski ya nje na imeji ndani yake, alafu toka bila kurudisha kitu. Dada sasa anafanya haya yote mwenyewe na sijawahi kumkumbusha.

Mwisho, nenosiri. Ukisimba bakapu, na diski inayokaa nje ya nyumba lazima uisimbe, hakuna wa kukusaidia ukisahau, sio waliotengeneza programu, sio fundi. Usilihifadhi kwenye kompyuta hiyohiyo inayopigiwa bakapu. Liandike kwenye karatasi kwa herufi zinazosomeka, kubwa ziwe kubwa na ndogo ziwe ndogo, pamoja na jina la programu na toleo lake, na kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows yenyewe, andika na ule ufunguo wake wa tarakimu 48. Weka karatasi na vyeti vyako, mbali na diski, na mwambie mtu mmoja wa nyumbani ilipo.